Matundu ya Hewa

Nilimpima Kashindye jeneza akiwa hai,
Mabatini, mwaka wa Elinino.
"Toboa matundu," akasema, "upande wa kichwa.
Nife Jumamosi, Jumapili nile ugali."

Ukumbini Kirumba wakazima taa.
Gitaa likakwaruza kama mtumbwi juu ya jabali,
kifuniko kikainuka:
uso mweupe kwa unga wa muhogo,
masizi machoni, chatu shingoni
(nyumbani tulimwita Mama Mkwe),
juisi ya choya ikimchuruzika kidevuni.
Mwanakwaya mmoja alikemea, akazirai;
wiki iliyofuata akawahi kiti cha mbele.

Mkuu wa wilaya alimpiga marufuku mara mbili.
Mara mbili tiketi zikapanda bei.

Sasa magoti yamegoma. Anauza dagaa Mkuyuni,
huwafunika kwa lile joho jeusi mvua ikinyesha.
Mama Mkwe alipokufa kwa uzee
nilimwona analia bila rangi usoni,
nikaogopa kuliko siku zote za jukwaani.

Nikadhani yamekwisha.
Jana kaja binti wa Nyakato,
wanja hadi mashavuni, vipimo kwenye karatasi ya daftari.
"La nani?" nikauliza.
"Langu, fundi.
Usisahau matundu."