Wa Saba

Mahuta, Desemba. Fedha za korosho zimetoka nusu;
nusu nyingine ipo ghalani, au benki, au kesho.
Napita nyumba kwa nyumba na simu ya ofisi,
kitabu cha risiti kwapani,
na shuka jeupe la kupigia picha,
nimelifua hadi ukuta unachungulia.

Elfu thelathini kwa mwaka, namwambia Somoe Chihipu.
Watu sita, kadi moja.
Homa, kuhara, mtoto akianguka mkoroshoni:
unaonyesha namba, unatibiwa.

Anaingia ndani. Anakaa sana.
Noti anazotoka nazo zinanuka salfa.

Picha ya kwanza yake, mkuu wa kaya.
Kisha Mfaume, kanyoosha shingo kama anapimwa sare.
Tabia. Bakili, aliyefumba macho mara tatu.
Sijaona.
Mwichande wa marehemu mdogo wake,
anayekohoa tangu mavuno ya ufuta.

Salima hajaweza kusimama.
Tunapindua kinu, tunamkalisha juu,
shuka nyuma yake, kidole mdomoni,
na simu inasema: idadi imetimia.

Namweleza. Wa saba ni kadi nyingine,
elfu thelathini nyingine.

"Mgeni akija tunaongeza maji kwenye mboga," anasema,
"na maji yenyewe hapa tunanunua kwa ndoo.
Hiyo kadi yenu haiongezwi maji?"

Sina jibu. Semina ilikuwa ya siku mbili,
na swali hilo halikuwemo.

"Basi nifute mimi."

Mama, fomu inataka mkuu wa kaya.
"Andika Mfaume."
Mfaume ana miaka kumi na mitatu.
"Si ndiye anayebeba maji?"

Na ukiumwa wewe, nani atawapeleka?
Ananitazama kama mwenyeji aliyeulizwa njia ya kwao.
"Mimi nimeumwa lini?"
Kaegemea nguzo anaposema hivyo,
mguu wa kushoto umevimba, haugusi chini.

Nabonyeza jina lake. Simu ina adabu kuliko mimi:
*Una uhakika unataka kufuta?*
Kidole changu kipo hapo, juu ya Ndiyo.

"Ngoja," anasema. "Nionyeshe kwanza."

Anafuta kioo kwa kiganja, anakisogeza kivulini.
Salima juu ya kinu ameanza kulia.
Somoe anajitazama, haharakishi,
anarekebisha kilemba kichwani
kana kwamba aliye kwenye simu naye atakirekebisha.

"Nimetoka vizuri," anasema.
"Haya. Mpige huyo."