Nirekodie Mtaa

Miezi mitatu na siku nne
nimelala kwenye makochi ya watu wanaonipenda:
kwa Pantaleo, Hamburg, kochi la kijani
linalolia kama mlango ukigeuka ubavu;
kwa Sikudhani, Aarhus, chumba cha mtoto,
chini ya nyota za plastiki zinazong'aa gizani.
Alfajiri nakunja shuka kabla hawajaamka.
Siku ya tatu nilidai jembe langu, kama ilivyo ada.
Wakanipa ufagio wa umeme.

Sasa nimesimama mbele ya geti la bluu, Tabata Kimanga,
saa tisa usiku,
na kufuli limenisahau.
Ufunguo unaingia, haugeuki.
Dereva wa teksi kaacha taa zinawaka,
ananitazama kama mwizi aliyekuja na masanduku yake.
Ni kwangu, namwambia.
"Sawa, dada." Ile sawa ya mtu asiyeamini.

Dirisha la pili linafunguka. Bi Havintishi,
sauti nusu usingizi, nusu hukumu:
"Litie mafuta, hilo limekula mvua!"
Kichupa cha mafuta ya nazi kinashuka kwa kamba ya kanga.
"Na salamu hata moja hukutuma."
Nilituma. Kila Ijumaa nilituma.
Lakini salamu ya simu, kwake, ni picha ya wali.

Ndani, joto lililofungiwa miezi mitatu
linanirukia shingoni.
Mjusi ukutani hasogei, anajua nani mpangaji.
Luku inalia, imebaki uniti moja na nusu,
pii, pii, pii,
mgonjwa aliyengoja nifike ndipo akate roho.
Saa ya mkononi ingali kwao, iko nyuma saa moja.
Siigusi.

Nafungua sanduku.
Kwenda lilijaa dagaa, ubuyu, kanga doti sita,
na achari ya maembe iliyovuja mpaka ndani ya soksi.
Kurudi: chokoleti za majirani,
sweta ambalo sitalivaa,
na chupa ileile ya achari, imeoshwa, imekaushwa,
ndani kakunjwa kikaratasi, mwandiko wa Sikudhani
usiobadilika tangu kidato cha pili:
*Chombo hakirudi kitupu, lakini huku sina cha kutia.
Nirekodie mtaa. Usichague.*

Miaka kumi na tisa hajakanyaga.
Kwanza ilikuwa karatasi. Kisha watoto.
Kisha mazishi ya mama yake, aliyoyatazama kwenye simu
iliyoshikwa na binamu mwenye mkono unaotetemeka,
akaona zaidi viatu vya watu.
Kisha aibu, nadhani. Hilo sikumuuliza.

Nikaiweka simu dirishani.
Jogoo wa Bi Havintishi, hajui saa, hajawahi kujua.
Muadhini akikohoa kabla ya kuanza.
Chelewa zikichana mchanga.
Maji yakipiga kitako cha ndoo, yakinenepa.
Pikipiki inayogoma, inatukanwa, inakubali.
Na uani, mtu anahabarishwa habari zangu:
karudi, kanawiri, karudi peke yake.
Sikukata hata hapo. Alisema nisichague.
Nikatuma dakika arobaini.

Jibu lilikuja adhuhuri.
*Mwanangu anauliza ni ndege gani huyo anayelia pii.
Nimecheka mpaka nikakaa chini.
Kanunue umeme, wewe.*

Sikununua. Nilikaa sakafuni,
nguo zikinuka sabuni ya nyumba ya mtu,
mpaka saa nane, feni ikapunguza, ikapunguza, ikasimama.
Kimya kilichofuata sikumrekodia.
Hicho anacho.

Nikavaa ndala, nikaenda dukani.
Yule kijana kanipimia kwa macho.
"Ulihama?"
Hapana, nikasema, nilikwenda kutembea.
Nipe umeme wa elfu tano.