Mshiriki Nambari Thelathini na Moja

Hakutaka chai. Alikaa ukingoni mwa kiti,
kofia ya kazi magotini, buti zikidondosha umande
sakafuni mwa chumba nilichoazimwa Chiromo.
Saa moja asubuhi. Ametoka lindoni Kileleshwa.

Nikamweleza: ukiona duara jekundu, bonyeza.
Usipoliona, tulia.
Bwana Kisilu akacheka bila sauti.
"Mtihani huu, mwalimu, nimeufanya miaka kumi na tisa
getini. Duara halitokei.
Siku likitokea, huja na panga."

Kompyuta ikahesabu. Nami nikahesabu
nilivyofundishwa: makosa, sekunde, kope zinazolegea.

Katika shajara ya usingizi aliandika kwa penseli:
Jumatatu, saa mbili na nusu hadi saa tano.
Jumanne, jirani anachomelea mageti.
Jumatano, mageti.
Alhamisi nilisinzia, nikaota nafungua geti.
Ijumaa hakuandika neno, ila duara dogo
alilolijaza mpaka karatasi ikatoboka.

Halafu nyuso. Picha arobaini, kila moja na jibu lake
limefungiwa ndani ya mashine:
hasira, hofu, furaha, huzuni, au uso mtupu.
"Huyu anaogopa." Sawa.
"Huyu anacheka, lakini si na wewe." Nikaandika: furaha.
Tulipofika ya kumi na nne, mwanamke, uso mtupu,
alinyamaza hata nikadhani amelala.
"Huyu," akasema, "hana wa kumpokea zamu."

Kitufe cha jibu hilo hakipo.
Nikamwekea kosa.

Dakta Omwoyo, msimamizi wangu, ameandika kwa wino mwekundu
pembeni mwa jedwali la tatu:
*Mshiriki 31 anaharibu wastani. Tumwondoe?*
Alama ya kuuliza ni yake.
Jibu, nadhani, ni langu.

Saa tisa usiku, Ngara, ghorofa ya nne.
Mimi, mtafiti wa usingizi, usiku wa sita huu
nahesabu matone ya mfereji jikoni,
moyo unatoka mbio na hakuna anayeufukuza.
Nalijua jina la jambo hili.
Nina kurasa mia mbili za jina lake.
Jina halifumbi jicho.

Umeme ukapotea. Skrini ikawa nyeusi,
na ndani yake, kwa mwanga wa simu,
picha ya kumi na nne ikanitazama.

Chini, mlinzi wa jengo alikohoa.
Mara ngapi nimempita nikisema "habari"
bila kuingoja habari yenyewe?
Nikavaa sweta, nikashuka gizani nikipapasa ukuta,
sina fomu ya ridhaa, sina saa ya kupimia,
na sababu ya kushuka sikuwa nayo pia.

Aliniangalia usoni kupita zile sekunde mbili
ambazo mashine yangu huruhusu.
Hakusema nina nini.
Akasogea kwenye benchi.

Anaitwa Ekidor. Nimeishi hapa miezi kumi na minne.