Ndururu ya Tundu

Kisu kilikuja kimefungwa gazeti la mwezi uliopita.
Ndani ya gazeti, kipande cha daftari la hesabu,
mwandiko umelalia upande, kama punda aliyepakiwa vibaya:

Usikifungue. Usikaze, usilegeze.
Kikikwama, kirudishe Siyu.
Ukitia bisibisi, si changu tena.
Famau.

Nikacheka.
Mimi, mwenye kibanda Langoni, mkabala na muuza vitumbua,
bisibisi kumi na moja zimejipanga mbele yangu kama meno ya papa!
Kila siku nabandua vibandiko vya viwandani
visemavyo ukibandua umekwisha,
na sijaisha.
Simu iliyozama Shela naifufua kwa mswaki na spiriti.
Leo skrubu moja ya shaba ndiyo initishe?

Na kisu hakikuwa na tatizo.
Niseme kweli maana Famau hayupo hapa:
kilifunguka kwa kidole gumba, kikasema tk,
kikajikunja, kikasema tk nyingine, ya chini kidogo,
kama mtu anayeitikia salamu kutoka chumba cha pili.
Tk hiyo ndiyo iliyoniponza.
Nilitaka kujua inakaa wapi.

Alhamisi usiku umeme ukakatika.
Nikawasha tochi ya simu ya mteja, Mungu anisamehe,
nikazungusha.

Skrubu haikugoma. Hapo ndipo nilipoingiwa na hofu:
kitu kilichokatazwa hivyo hakikubali upesi.
Mpini wa pembe ukaachana pande mbili,
bapa likaniangukia mapajani,
na kitu chembamba kikaruka, kikalia sakafuni mara mbili,
kikanyamaza.

Nilikipata baada ya sala ya alfajiri, nyuma ya guu la kitanda.
Haikuwa wosha ya dukani.
Ilikuwa ndururu ya zamani, ile ya tundu katikati,
imesuguliwa ikawa kama ukucha wa mtoto.
Pembe mbili za ndovu huzunguka tundu lile;
moja imeliwa na tupa,
ya pili ingalipo.

Nikairudisha, nikakaza: kisu kikagoma.
Nikalegeza robo: bapa likacheza kama jino la bibi.
Nikakaza nusu ya robo.
Nikageuza ndururu upande wa pili,
kisu kikafunguka kimya,
kama mgeni anayeondoka bila kuaga.

Jumamosi nikaenda Siyu.
Famau si mzee. Ana miwani ya kuchomelea juu ya paji
na fulana ya mpira iliyotoboka begani.
Hakukifungua. Alikitikisa karibu na sikio.
"Umeigeuza."
"Nimenunua kisu," nikasema, "au nimekodi?
Mwenye kisu kikali ndiye mla nyama.
Hawakusema aombe ruhusa."
"Kula nyama," akasema. "Nani kakukataza nyama?"

Kisha, ameinama, kama anayezungumza na meza:
kopo la ndururu aliachiwa na babu yake.
Zimebaki kumi na nne.
Kila inayopotelea chini ya kitanda cha mtu
ni kisu kimoja ambacho hatakitengeneza.

Nilitia mkono mfukoni kutafuta pesa,
nikautoa mtupu, nikautia tena.

Akafunga. Akagonga kichwa cha skrubu kwa nyundo ndogo,
taratibu, mpaka mfereji wa bisibisi ukafa.
Tk.

Jumatatu mwenye simu akaja Langoni.
Nikaifuta kioo, nikachukua kibandiko changu chekundu,
nilichochapisha mwenyewe Mombasa, karatasi nzima,
nikakikandamiza juu ya skrubu:
UKIBANDUA USIRUDI.

"Kwani ndani mna nini?" akauliza.
"Hamna kitu," nikamwambia.

Akaigeuza kiganjani.
Ukucha wake ulikuwa tayari
kwenye pembe ya kibandiko.