Daftari la Forodha, Bunagana

Sanduku lilibaki. Mwenyewe alivuka kwenda haja
upande wa Kongo, asirudi. Sheria inasema siku tisini.
Mimi nilingoja sitini na moja, nikalifungua:
mashati mawili, dawa ya meno, kitabu kisicho na jalada.

Kifaransa changu ni cha magunia na mihuri,
cha bei gani, saini hapa, kasubiri pale.
Basi nikamsoma Mathurin Kerbrat kama mtu avukaye mto
kwa mawe machache: jiwe, maji, maji, jiwe.

Kurasa za mwanzo zasimulia maisha yake.
Mtoto wa muuza vifungo. Vitani alibeba machela,
akabeba mguu wa mtu kilomita tatu
akidhani mwenyewe bado yupo juu yake.
Aliporudi hakusema neno kipupwe kizima.
Kisha akaanza kuandika macho ameyafumba,
mkono ukienda wenyewe kama mbuzi ajuaye zizi.
Washairi wenzake walimfukuza chamani
kwa kosa la kulia kwenye mazishi ya mama yake.
"Ndoto haina mama," walimwambia.
Akawajibu kwa bahasha yenye kifungo kimoja.

Nilijaribu kumtia katika mizani yetu,
nane kwa nane, vina kati na mwisho:

    Mwezi wavua viatu, waingia kwangu ndani,
    wauliza jina letu, wajipakua sahani,

mstari wa tatu akatoroka dirishani,
mizani ikaning'inia mkononi mwangu, tupu
kama ya muuza nyama siku ya Ijumaa Kuu.

Mke wangu Nyirabuhoro akauliza:
"Huyu Mfaransa wako alikunywa nini?"
Huzuni, nikasema.
"Basi mwambie ale viazi."

Usiku ule umeme ulikatika. Ukungu ulishuka
mpaka kwenye kizuizi cha barabara, ukakaa juu yake.
Zamu yangu. Nikafumba macho juu ya daftari la serikali.
Asubuhi nikakuta mwandiko wangu:

    Viazi, magunia arobaini na mawili. Vimelipiwa.
    Godoro moja, limejaa mvua ya jana.
    Mlima mmoja, Muhabura, umevaa blanketi la mtu.
    Kiboko, hana pasi, anasema anamfuata dada.
    Mguu wa kushoto, bila mwenyewe. Usitozwe.

Mkaguzi alitoka Kampala mwezi uliofuata,
Bwana Ssenkaayi, mtu wa kusoma kwa kidole.
Kidole kilitembea viazini vizuri.
Kwenye godoro kikapunguza mwendo.
"Huyu kiboko," akasema, "mbona hakutozwa ushuru?"
Nikajibu: alikuwa anapita tu, afande.
Sijui afande ilitoka wapi. Hofu hutafuta vyeo.

Kidole kikafika mguuni, kikasimama.
Alivua miwani, akaifuta, nayo ilikuwa safi.
Nje dereva alikuwa anagombana na mtu kuhusu turubai.
"Luweero," akasema. Neno hilo tu.
Akapiga muhuri: IMEHAKIKIWA,
kwa nguvu hata wino ukatokea ukurasa wa pili.

Siku ya tisini tuliunadi mzigo.
Mashati alichukua Sebagenzi wa kubadilisha fedha,
anavaa moja sasa hivi, limembana kifuani.
Dawa ya meno ilikuwa imekauka.
Kitabu hakuna aliyekitajia bei,
nikakiandika mwenyewe, macho wazi safari hii:
kimevuka. Hakikusema kinaelekea wapi.