Nne Tupu

Tangazo lilibanwa ubaoni kwa pini mbili,
ghorofa ya tatu, kando ya lifti, mjini Tartu,
mwezi wa pili, mto Emajõgi umeganda kama kioo:
nafasi moja ya uzamivu,
utafiti wa lugha za programu.
Ada hakuna. Mshahara upo, kila mwezi.
Bima ipo. Meza ipo, dirishani.
Barua kurasa mbili, zisizidi.
Mtu alikwisha kuchana kipande chenye anwani.

Urve Kallaste alilisoma koti likiwa bado mwilini,
miaka thelathini na saba, mtoto mmoja,
mkopo wa nyumba uliomzidi mtoto umri.
Alikuwa amekuja tu kumrudishia binamu yake funguo.

Usiku, Oskar alipolala, akaandika:

"Nilifanya kazi hospitali, upande wa mashine.
Kulikuwa na pampu ya dawa, kitanda cha kumi na moja,
na programu yake niliiandika mimi.
Sita ikatoka chumba kimoja cha msimbo
ikiwa miligramu,
ikaingia chumba cha pili
ikapokewa kama mililita.
Hakuna aliyeiuliza mlangoni: nani wewe, watoka wapi?
Sita ni sita. Ikapita.
Muuguzi Helgi ndiye aliyesimama,
akautazama mrija, akasema, hii inakwenda mbio,
akaubana kwa kidole gumba.
Mgonjwa hata hakuamka. Asubuhi aliomba uji.
Tangu siku ile siiamini namba iliyo uchi.
Nataka lugha inayokataa mapema,
kabla ya Helgi, kabla ya kidole gumba."

Kurasa mbili kasoro mistari mitatu.
Akaituma saa nane usiku, akaenda kuosha vyombo.

Mimi ninayesimulia nalielewa jambo hili kwa njia ya mkato.
Katika lugha ninayoandikia,
mtoto mdogo akisikia "kiti amevunjika"
hucheka kabla ya kujua anachekea nini.
Ki hudai ki. Jina huvaa sare ya ukoo wake
na kitenzi hukaa mlangoni, bawabu asiyependa mzaha.
Sarufi hiyo hatukufundishwa na profesa yeyote;
tuliinyonya.

Walimwita mwezi wa nne,
barafu ikipasuka mtoni kwa mlio wa sahani.
Watu watatu, jagi la maji,
biskuti ambazo hakuna aliyethubutu kuzigusa.
Profesa Priidik Saarmets, soksi zake hazifanani,
aliisifu barua. Alitaka kujua Helgi yuko wapi sasa.
(Amestaafu. Anafuga nyuki.)
Kisha akaigeuza fomu,
akaweka kidole kwenye kisanduku cha muda wa ufadhili.
"Umeandika nne," alisema. "Nne nini?"

Bomba la joto likagonga ukutani.
Urve akaitazama nne yake,
imesimama peke yake kwenye kisanduku cheupe
bila shati.
Masikio yakamwaka moto. Halafu kicheko kikamtoka,
kile cha kanisani, kisichozuilika,
na yule mama wa kushoto, aliyekuwa kimya tangu mwanzo,
akacheka naye mpaka akavua miwani.

Ningeweza kumtetea: kwetu ingekuwa minne,
ingevaa walau kitu.
Lakini miezi nayo ni minne,
na mikate, na mikasa.
Sare hutaja ukoo, haimtaji mtu.

"Miaka," alisema Urve, akifuta macho.
Kisha, kwa sauti ya chini zaidi:
"Ila fomu yenu iliikubali."

Profesa hakujibu.
Alichukua kalamu, akaandika kitu pembeni,
maneno mawili, pengine matatu,
ambayo kutoka alipoketi Urve
hayakusomeka.