Ramani ya Wanusukimo

Ijumaa, saa mbili usiku, Barabara ya Kumi na Tatu, Ngamiani,
Mwanamkuu hushusha mlango wa duka nusu
na kuikunjua nchi juu ya meza ya kukatia.
Ni karatasi ya kaki; upande wa pili ni sare ya shule.
Kola imekuwa safu ya milima,
kwapa la shati ndilo ghuba,
na palipoandikwa *kunja hapa*
ndipo Wanusukimo walipojenga mji.

Sisi ni vifungo. Mimi ni cha bluu, kimemeguka ukingo.
Semhando, fundi baiskeli, ni kile cha koti
la mzee aliyefariki kabla hajalichukua.
Mhina wa bandarini ni pini:
kifungo, anasema, alishakionja mwaka ule, kinamtosha.

Wanusukimo wanaishi mapango ya Amboni,
si yale ya tiketi na mtembeza wageni,
yaliyo nyuma yake,
ambako popo hupeleka barua
na dafu moja huunywesha ukoo siku tatu.
Juu ya kila mlango pamechongwa:
*Padogo pako si pakubwa pa mwenzako.*
Neno "mfupi" hawana.
"Mrefu" wanalo, ni jina la maradhi.

Usiku huu jitu limekalia shule yao.
Halijui. Lilichoka, likatafuta pa kukaa, likakaa,
linajipepea kwa mgomba mzima.
Watoto wako chini.

"Mnafanyaje?" anauliza Mwanamkuu,
futikamba shingoni, miguu ikining'inia kwenye stuli.
Mhina anataka kulichoma. Pini, atafanya nini kingine?
Semhando anataka kulihonga pipa la ubuyu.
Mimi nasema napanda mpaka sikioni, naliomba liinuke.
"Kwa adabu?"
"Kwa adabu."
"Haya, rusha. Kumi na tano kwenda juu."

Dadu letu ni la mninga, pande ishirini;
seremala wa Chumbageni alikosea kidogo
na tangu hapo linapenda saba.
Narusha. Linagonga mkasi, linaruka,
linapotelea chini ya cherehani,
na papo hapo umeme unakatika.

Tukapiga magoti. Kisha tukalala kifudifudi,
Semhando na kitambi chake, Mhina na tochi ya simu,
katikati ya nyuzi na vipande vya khaki,
na kutoka huko chini nikaliona duka:
kitasa cha pili chini ya kitasa cha kwanza,
misumari ya kutundikia nguo usawa wa kiuno changu,
kijingazi kilichofichwa nyuma ya pazia.
Miaka minne naingia humu.
Nikaikumbuka kaunta ya posta, mwezi uliopita,
nilivyopitisha bahasha yangu juu ya kichwa chake
nikampa karani,
nikidhani foleni imekwisha.

Mwanamkuu hakupiga magoti.
Aliinama kidogo tu, akapapasa gizani,
akalifumba dadu kiganjani.

"Ngapi?" tukauliza.

Hakusema. Mpaka leo hajasema.
"Jitu limegeuza shingo," alituambia.
"Linauliza nani anaongea."

Nilikuwa bado sakafuni,
uzi mwekundu umeninata kidevuni.